Mtoto wa Mama Pima Yumo Darasani

Mhadhara kuhusu elimu ya pombe na dawa za kulevya shuleni, uliotolewa Bokoli, Kaunti ya Bungoma, mbele ya walimu, wazazi, maliguru (wazee wa vijiji) na viongozi wa dini



  Najua leo ni siku ya soko, na kila aliyeketi hapa ameacha shughuli yake.

Nilifundisha kemia na bayolojia kwa miaka mingi, katika kaunti hii na ile ya Trans Nzoia, hadi nilipostaafu. Lipo somo moja nililokabidhiwa tangu mwaka wangu wa kwanza wa kazi, nami naamini sikulifundisha ipasavyo hata siku moja. Ni somo la pombe na dawa za kulevya. Kusudi langu leo ni kueleza kwa nini somo hilo haliwaingii watoto wetu, na ni nini tunaweza kukibadilisha tukianzia hapa Bokoli. Sikuja kuthibitisha kwamba ulevi una madhara. Hakuna aliyemo ukumbini asiye na ndugu, jirani au mwanafunzi aliyepotelea humo. Swali langu ni dogo kuliko hilo: tunapofunga mlango wa darasa tukamwambia mtoto wa miaka 13 habari za pombe, bangi, gundi na ile tumbaku ya kutafuna wanayoiita kuber, yeye anasikia nini?

Kisanduku hiki mnachokiona mezani nitakifungua mwisho. Naomba mnivumilie.

Hoja ya kwanza: somo letu linamfundisha mtoto ambaye hayumo darasani

Mtoto wa kwenye vitabu vyetu anaishi nyumba isiyo na pombe. Anatoka shuleni, njiani anakutana na rafiki mbaya, rafiki anatoa chupa mfukoni, mtoto anaonja, na kuanzia hapo maisha yanaharibika. Katika hadithi hiyo pombe ni mgeni. Sasa niambieni, hapa kwetu pombe ni mgeni wa nani?

Mtoto wa Bokoli anaijua busaa kabla hajajua kusoma. Ameona unga wa mahindi ukilowekwa ukachacha, ukakaangwa kwenye bati pana mpaka ukageuka rangi ya udongo, ukaanikwa, ukachanganywa na kimera cha wimbi. Amekaa kando kuwafukuza kuku wasidonoe. Busaa ikishachujwa, yanabaki machicha, na machicha hupewa nguruwe. Katika nyumba nyingine, asubuhi isiyo na uji, mtoto naye huyala, kisha huja shuleni. Sisi walimu humwona amesinzia saa mbili na nusu tukasema ni mvivu.

Halafu yupo mama pima, mpishi na muuzaji wa pombe ya nyumbani. Namtaja kwa jina hilo kwa sababu kila mtu humwita hivyo, naye ni mwanamke tunayemjua. Mume alikufa, au alipoteza kazi kiwanda cha karatasi cha Webuye kilipofungwa mwaka 2009, au yupo lakini hayupo. Shamba ni robo ekari. Januari karo inadaiwa, Mei inadaiwa, Agosti inadaiwa. Anapika.

Nitawasimulia jambo langu mwenyewe. Katika miaka ya tisini nilikuwa na mwanafunzi wa kidato cha pili. Jina lake na la shule nitayahifadhi. Alikuwa akija na macho mekundu na sweta inayonuka moshi. Nilidhani anavuta bangi. Nikampeleka ofisini, mkoba wake ukapekuliwa mbele ya wenzake. Humo mlikuwa na madaftari na kiazi kitamu kilichofungwa kwa jani la mgomba. Baadaye ndipo nilipojua kwamba usiku alikuwa akichochea moto wa mtambo wa chang'aa wa mama yake na kubadilisha maji ya kupoozea mpaka alfajiri. Wiki hiyohiyo zamu ya somo la madhara ya pombe ilikuwa yangu. Nilichora ini ubaoni. Nikasema anayeuza chang'aa ni muuaji. Msichana yule aliinamisha kichwa, akawa anachimba dawati kwa ncha ya bikari mpaka kengele ikalia.

Siku tatu baadaye alileta karo: noti ndogondogo na sarafu zilizofungwa kwenye kitambaa, zikinuka moshi uleule. Mhasibu alizihesabu, akampa risiti. Nilikuwa nimesimama pale mlangoni. Sikumwomba msamaha siku ile, na sikuwahi kumwomba.

Nilimtaka achague kati ya mwalimu na mama. Mtoto mwenye moyo humchagua mama, na akishamchagua, kila neno la mwalimu kuhusu pombe, hata lile la kweli na la kumfaa, linapita juu ya kichwa chake.

Tena mtoto wetu huishi kati ya nyumba mbili. Wamishonari wa Quaker walifika Kaimosi mwaka 1902, imani yao ikaenea hadi huku kwetu, nayo ilikataza pombe kabisa. Kwa hiyo kuna boma la kanisa na kuna boma la mtungi, na mara nyingi ni ndugu wa tumbo moja. Jumapili mtoto yuko kwa nyanya anayeimba kwaya, Jumatatu yuko kwa mjomba anayeshika mrija wa busaa. Anawapenda wote wawili. Mwalimu akilaani boma moja hawezi kumfikia.

Basi ombi langu la kwanza kwa walimu ni la maneno tu. Lianzeni somo kwa kusema: "Najua wengine wetu hapa tunasomeshwa na pombe. Hakuna atakayeaibishwa kwa hilo katika chumba hiki. Tunataka kuzungumza juu ya miili yenu ninyi, na miaka yenu ijayo." Sentensi hizo hazihitaji bajeti.

Hoja ya pili: hofu huisha upesi

Tumezoea kumleta mgeni siku ya Ijumaa. Ni mtu aliyekuwa mlevi au aliyetoka jela. Anasimulia, watoto wanalia, tunapiga makofi, gari linaondoka. Au tunabandika picha ya mapafu meusi kwenye ukuta wa maabara.

Marekani walifanya hivyo kwa fedha nyingi kuliko tutakazowahi kuwa nazo. Mwaka 1983, jijini Los Angeles, ulianzishwa mpango ulioitwa DARE, ambamo askari polisi aliyevaa sare aliingia darasani kuwaonya watoto. Ukaenea nchi nzima. Watafiti walipowafuatilia watoto hao kwa miaka kadhaa na kuwalinganisha na wenzao ambao hawakupata mafunzo hayo, hawakuona tofauti ya maana katika utumiaji wa dawa. Mpango wenyewe ilibidi ubadilishwe mtaala. Shirika la Afya Duniani na ile ofisi ya Umoja wa Mataifa inayoshughulikia dawa za kulevya na uhalifu wametoa viwango vya kimataifa vya kinga, toleo la pili likiwa la mwaka 2018. Humo kutisha, kutoa taarifa peke yake, na kuwaleta waliokuwa waraibu wasimulie maisha yao yametajwa kuwa mbinu zisizoleta matokeo.

Sababu yake mtoto wa hapa anaijua bila utafiti. Umemwambia kwamba bangi ukivuta mara moja unarukwa na akili. Jioni anamwona binamu yake, anayevuta tangu mwaka juzi, akiendesha bodaboda, akicheka, akimnunulia soda. Tangu hapo hakuamini tena. Na kweli uliyopaswa kumwambia ilikuwepo: kwamba bangi hudhoofisha kumbukumbu na umakini, hasa katika ubongo unaokua, kwamba kwa baadhi ya vijana huamsha maradhi ya akili, na hakuna anayeweza kujua mapema kama yeye ni miongoni mwao. Hilo linatosha. Tulipoliongezea chumvi tuliliharibu.

Hoja ya tatu: elimu hii ina makao katika sayansi na hesabu

Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo nilipofanya kazi.

Kitabu cha kemia kina mchoro wa ukenekaji: chupa ya kioo, moto, kondensa ya Liebig, bomba la maji baridi. Mwaka mmoja niliuliza darasa nani anaweza kueleza jinsi mvuke unavyorudi kuwa maji. Kimya. Kisha mvulana wa dawati la mwisho, ambaye muhula mzima hakuwa ameinua mkono, akasema, "Mwalimu, ni kama mtambo." Nikamwita ubaoni. Alichora pipa lenye kangara, ule mchanganyiko uliochacha, juu yake chungu, ndani ya chungu sufuria ndogo ya kukingia, na juu kabisa karai la maji baridi lililozibwa pembeni kwa udongo. Akaeleza kwamba maji ya karai yakipata joto lazima yabadilishwe, la sivyo mvuke hupotea bure. Akaeleza kwa nini kinachotangulia kutoka ni kikali kuliko kinachofuata. Sikuwa na la kuongeza isipokuwa namba: alkoholi huchemka kwenye nyuzi 78, maji kwenye nyuzi 100, na ndiyo maana alkoholi hutangulia.

Siku ile ningeweza kumwita mkosaji. Nilimpa chaki nyingine. Kipindi kilichofuata darasa lilikuwa tayari kusikia mambo ambayo hapo awali wasingeyasikia. Busaa huwa na alkoholi kama asilimia nne, na chang'aa yaweza kupita 30, kwa hiyo kikombe kwa kikombe si kitu kimoja. Tena kuna pombe nyingine inayoitwa methanoli, ya viwandani, ambayo huchemka kwenye nyuzi 65, na kwa macho na pua huwezi kuitofautisha na ile ya kunywa.

Methanoli ifundishwe kwa jina lake, na ifundishwe bila chumvi. Mwaka 2000 ilichukua maisha ya zaidi ya watu 100 katika vitongoji vya Nairobi. Mei 2014 iliua makumi ya watu Embu, Kiambu na kaunti jirani, na wengine wakabaki vipofu. Mnamo Februari 2024 msiba ukarudi Kirinyaga. Watoto wengi wameambiwa kwamba chang'aa yote ina sumu ya betri. Mtoto wa mama pima anajua mama yake hatii betri, kwa hiyo anatupuuza. Mwambieni lilivyo: hatari kubwa ni pale mtu katikati ya safari, kati ya mpishi na mnywaji, anapoongeza kemikali ya kiwandani ili kileo kiwe kikali kwa bei ndogo. Methanoli ikiingia mwilini hugeuka asidi inayoshambulia neva ya jicho. Dalili zaweza kuchelewa nusu siku au zaidi. Mtu akianza kusema anaona ukungu, akatapika na kupumua kwa kasi, asiambiwe alale pombe itoke. Abebwe hospitalini saa hiyohiyo, usiku au mchana. Mtoto wa Gredi ya 7 anayelijua hilo anaweza kumwokoa baba yake.

Hesabu nayo ina kazi. Mtu anayekunywa shilingi 100 kwa siku, siku sita kwa wiki, kwa mwaka anakunywa shilingi 31,200. Waachieni watoto wenyewe wazigeuze ziwe magunia ya mahindi kwa bei ya sokoni wiki hiyo, au karo, au bati za kuezekea. Kisha wapige hesabu ya upande wa pili, ile ambayo hakuna anayempa mpishi: sukari guru, molasi, kuni, faini ya mahakama, pipa lililomwagwa msako ulipokuja, na usiku ambao mtoto hakulala. Nimewahi kuona kijana akikokotoa hesabu hiyo polepole, akafuta, akarudia tangu mwanzo, kisha akakunja karatasi na kuitia mfukoni. Nadhani aliipeleka nyumbani.

Lipo pia suala la umri, na hili wazazi mlisikie. Ubongo wa binadamu huendelea kukomaa hadi miaka ya ishirini na kitu, na sehemu inayochelewa zaidi ndiyo ya kujizuia na kupima matokeo. Utafiti mkubwa wa Marekani uliochapishwa mwaka 1997 ulionyesha kwamba walioanza kunywa kabla ya miaka 15, karibu wanne kati ya kila kumi walifikia uraibu wakati fulani maishani. Walioanza wakiwa na 20 na zaidi, karibu mmoja kati ya kumi. Ukimwonjesha mtoto wa miaka saba "kidogo tu, apate usingizi", unamsogeza upande wa wale wanne. Sheria yetu ya vileo ya mwaka 2010 inakataza kumuuzia aliye chini ya miaka 18, na sera ya kitaifa iliyozinduliwa mwaka 2025 inapendekeza umri huo upandishwe hadi 21. Lakini hakuna sheria iliyosimama jikoni kwako.

Hoja ya nne: waonyesheni kwamba wengi hawanywi

Uchunguzi wa NACADA, mamlaka ya taifa ya kupambana na pombe na dawa za kulevya, wa mwaka 2022 uliuweka ukanda wa Magharibi mbele ya kanda zote za Kenya kwa unywaji wa pombe: asilimia 23.8 ya watu wa miaka 15 hadi 65. Magazeti yaliandika, tukaona aibu. Lakini hebu tuisome namba hiyo kwa upande wa pili. Hata katika ukanda unaoongoza nchi nzima, watu watatu kati ya kila wanne hawanywi.

Muulizeni mvulana wa Gredi ya 9 ni wangapi darasani kwake wanaokunywa. Atasema karibu wote. Wapeni karatasi zisizo na majina, wajibu kwa siri, kisha hesabuni pamoja mbele yao. Karibu kila mahali jambo hili lilipofanywa, wanywaji wamekuwa wachache kuliko walivyodhaniwa. Kijana anayeamini kwamba yeye peke yake ndiye asiyeonja ataonja ili asiwe peke yake. Akigundua kwamba yumo katika kundi kubwa, shingo yake inanyooka.

Kukataa nako ni ujuzi, hujifunzwa kwa mazoezi kama mpira. Kumwambia mtoto "sema hapana" bila kumfanyisha zoezi hakumsaidii akiwa kwenye steji ya bodaboda saa kumi na mbili jioni, mtu mzima anayemheshimu akimwambia, "Shika hii, kwani wewe si mwanamume?" Wagawanyeni wawili wawili, waigize, wacheke, warudie. Wao ndio wanajua maneno yanayofaa kijijini kwao. Mmoja alinipa hili: "Kaka, nimetumwa, mzee ananingoja." Hamvunjii mtu heshima, na miguu imeshaanza kuondoka.

Kuhusu watoto wa gundi mnaowaona karibu na stendi ya Kitale, chupa ikiwa puani, nasema neno moja tu. Gundi huua njaa na baridi kwa muda. Kwa mtoto huyo uji na pa kulala vinatangulia somo.

Hoja ya tano: aliyekamatwa bado ni mwanafunzi

Mtoto amekutwa na msokoto wa bangi. Tunafanya nini? Tunamwandikia barua, tunamrudisha nyumbani wiki mbili. Nyumbani ni wapi? Ni pale alipoupata msokoto, na sasa ana siku kumi na nne zisizo na kazi.

Sisemi asiwajibishwe. Kiboko kimepigwa marufuku shuleni tangu mwaka 2001, na Sheria ya Watoto ya 2022 inampa mtoto haki ya kulindwa dhidi ya dawa za kulevya; asomaye vizuri ataona kwamba ulinzi huo haukomi siku anapokutwa nazo. Adhabu aipatie ndani ya ua wa shule: aje mapema, afanye kazi, akutane na mwalimu wa ushauri nasaha kila wiki, mzazi aitwe na asikilizwe. Walimu wa ushauri nasaha wapewe saa za kazi hiyo katika ratiba. Siku hizi wanabebeshwa vipindi kamili vya hesabu au Kiswahili na kuambiwa washauri wakati wa chai. Namba 1192 ya NACADA na 116 ya watoto hazilipishwi. Ziandikwe kwa rangi nyuma ya mlango wa choo, ambapo mtoto anaweza kuzisoma bila mtu kumwona.

Hoja ya sita: Agosti

Naona mzee pale mbele ameweka kiganja sikioni. Baba, hili nakuomba hasa ulisikie.

Kila mwaka wa shufwa, Agosti inapofika, wavulana wetu wanaongoja tohara hutembea wakipiga chinyimba, kengele zao, kualika jamaa. Mjomba huchinja. Busaa hupikwa, na kijana mwenyewe humimina maji kwenye mtungi mbele ya wazee, kwa sababu ule ni mtungi wa ukoo mzima, walio hai na waliotutangulia. Sisimami hapa kuutukana mtungi huo. Wakristo wengi siku hizi huwapeleka watoto hospitalini, na wengine hushika desturi. Wote ni wana wetu.

Lakini wazee walionilea waliniambia kwamba mrija, lusekhe, ulikuwa wa wazee. Kijana alimimina maji, hakunywa. Alisimama mbele ya kisu akiwa na akili timamu, na hapo ndipo sifa yake ilipotoka. Leo usiku wa kuamkia tohara nyimbo zinavuma, giza limejaa, na katika umati ule kuna watoto wa miaka 11 na 12 ambao si zamu yao, wasio na mtu wa kuwaangalia, na chupa zinapita mkono kwa mkono. Wapo wanaompa mtahiriwa chang'aa au bangi "apate moyo". Hiyo haikuwa desturi ya babu zangu. Ni wizi wa ushujaa wa mtoto.

Nasi tunayo khubita, mawaidha anayopewa kijana, ambayo hatayasahau mpaka azeeke. Mimi niliyoambiwa siku yangu nayakumbuka neno kwa neno. Ya darasani mengi nimeyasahau. Naomba wazee mkae na walimu wa sayansi mwezi wa Julai, jioni moja tu, mkubaliane maneno machache ya kuongeza katika mawaidha hayo: kwamba mrija unangoja, kwamba kikombe asichojua kilikotoka si chake, kwamba mwenzake akianguka amlaze ubavu na kukimbilia msaada. Mkisema ninyi, hatauliza kama ni ya mtihani. Somo la Stadi za Maisha tulipewa miaka mingi iliyopita, na kwa kuwa halikuwa likitahiniwa, kipindi chake kiligeuzwa cha hesabu. Khubita haijawahi kugeuzwa cha hesabu.

Hoja ya saba: saa kumi hadi saa moja

Hii ni fupi. Huko Iceland, nchi ndogo ya kaskazini mwa Ulaya, mwaka 1998 vijana 42 kati ya kila 100 wa miaka 15 na 16 walikiri kulewa katika mwezi uliotangulia. Mwaka 2016 walikuwa 5. Hawakufanya hivyo kwa mahubiri. Wazazi walikubaliana watoto wawe nyumbani usiku, na miji ikasaidia kulipia michezo na muziki ili kila mtoto awe na pa kwenda baada ya masomo. Fedha zao hatuna. Uwanja tunao, mpira tunao, kwaya tunazo, na saa hizo tatu kati ya kengele ya mwisho na chakula cha jioni tunazo. Sheria ya 2010 inasema leseni ya baa isitolewe ndani ya mita 300 kutoka shuleni. Chifu, naomba utembee na mwalimu mkuu na kamba ya kupimia.

Tunapoondoka hapa

Muhula unaanza Januari. Naomba shule tatu, za kata yoyote, zijitolee kufundisha somo hili upya kwa mwaka mmoja: kipindi kimoja kwa wiki kisichogeuzwa, mwalimu mmoja wa sayansi, mzee mmoja, na mzazi mmoja ambaye anapika au aliwahi kupika. Naam, mama pima. Aje aeleze mwenyewe anachomtakia mtoto wake. Novemba tukutane tena ukumbini humu, watoto wakiwemo, watuambie walichosikia.

Sasa kisanduku. Wiki mbili zilizopita walimu watatu waliniruhusu kukiacha madarasani mwao, kikiwa na tundu juu, na karatasi kando yake. Niliwaambia watoto waandike swali lolote kuhusu pombe au dawa za kulevya, bila jina. Nimepata maswali 41. Nitasoma machache kama yalivyoandikwa.

"Machicha yanaweza kumlewesha mtoto?"

"Kama mama anapika na mimi ninaosha mitungi, Mungu ananihesabia?"

"Kuber inakaa mdomoni kiasi gani ndipo ioze meno?"

"Baba akilewa anaongea na mimi vizuri. Asipolewa haongei. Nifanye nini?"

"Mtu akianguka amelewa tunamlaza upande gani?"

Jibu la hili la mwisho nimeshalitoa: ubavu, mdomo ukielekea chini ili akitapika asipaliwe, na asiachwe peke yake. Mengine sikuyajibu. Nakiweka kisanduku hapa ukingoni mwa meza. Kila mwalimu, mchungaji na mzee atakayetoka kwa mlango huu achukue karatasi moja, akae nayo likizo hii, aulize wanaojua zaidi, na wiki ya kwanza ya Januari aende darasani kumjibu mtoto huyo, akijua kwamba ameketi mahali fulani mbele yake.